Tuba Lililotikisa Uwanja wa Nelson Mandela

Jamani watu wa Sumbawanga, kama hujawahi kusimama jirani na tuba linapopulizwa, umekosa uhondo! Naandika haya kifua bado kinanguruma. Bendi ya polisi imetoka kupiga gwaride hapa Uwanja wa Nelson Mandela, na mgeni rasmi anisamehe, sikumtazama hata kidogo. Macho yangu yote yalikuwa kwa askari mmoja wa safu ya nyuma, kajitwika shaba inayomficha nusu ya mwili.

Uhondo ulianza kabla ya noti ya kwanza. Asubuhi za Ufipa mnazijua: tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Milima ya Mbizi hauna huruma. Shaba ikipoa, sauti hushuka na bendi nzima huenda mrama. Basi yule askari akawa anapuliza pumzi tupu, bila mlio, vidole vikibonyeza vali moja baada ya nyingine, analipasha moto bomba ambalo likinyooshwa hufika mita 5 na nusu. Kisha akafungua kitundu cha chini, maji yakadondoka kwenye nyasi. Wenye kunong'ona "mate hayo!" wajue kwamba sehemu kubwa ni mvuke wa pumzi uliogeuka maji ndani ya chuma baridi.

Dramu meja akainua fimbo. Puu! Mwendo wa pole. Lo! Tarumbeta zinang'aa, klarineti zinaremba, lakini tuba hulisikii kwa masikio peke yake. Linakuingia kwa nyayo, linapanda mbavuni. Kila mguu wa kushoto unapotua, lenyewe limeshatua nao. Walipobadili kwenda mwendo wa haraka, watoto waliokuwa kando ya uwanja wakaanza kupiga hatua bila kuamrishwa, na hakuna aliyekosea.

Nikarekodi, bila shaka. Nikasikiliza hapo hapo: tarumbeta zipo, ngoma zipo, tuba halipo! Si-bemoli ya chini ya chombo hiki hutetema kama mara 58 kwa sekunde, na kispika cha simu hakina ubavu wa kusukuma hewa kiasi hicho. Ndiyo maana nasisitiza: aliyezisikia bendi hizi kwenye simu tu bado hajazisikia. Kilichobeba muziki wote ndicho kilichobaki uwanjani.

Na nani wa kulielewa tuba kuliko sisi Wafipa? Wazee wetu walifua chuma kwa pumzi. Malungu, yale matanuru marefu ya udongo, yalijivutia hewa yenyewe; vintengwe, matanuru madogo ya kusafishia chuma, yalitaka mivukuto na mikono isiyochoka. Tuba ni kintengwe: ukiacha kupuliza, kazi imelala.

Asili ya tuba lenyewe ni ya kijeshi. Wilhelm Wieprecht, mkuu wa bendi za jeshi la Prussia, na fundi Johann Gottfried Moritz walilisajili Berlin mwaka 1835. Bendi za gwaride zilipofika pwani yetu, vijana hawakubaki watazamaji. Wakazalisha beni, ngoma yenye sare, vyeo na mashindano, Marini upande huu, Arinoti upande ule. Vita Kuu ya Kwanza ikaitawanya bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Kwa Afrika Mashariki, vita hiyo iliishia jirani kabisa na sisi: Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alijisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo tu ya mpaka, tarehe 25 Novemba 1918.

Kasoro? Moja, nayo inaniuma: tuba halikupewa nafasi ya kupiga peke yake hata dakika moja! Wenzetu huko duniani walishaamka. Ralph Vaughan Williams wa Uingereza aliliandikia konseto, yaani utungo wa tuba na okestra, mwaka 1954. Marekani, mwaka 1973, wapigaji walikutana Chuo Kikuu cha Indiana kwa kongamano la tuba na ndugu zake. Kongamano zima! Sisi tunaomba wimbo mmoja tu, wenzake wakae kimya, nyanda hizi zisikie.

Hukumu yangu: nenda, na mtoto wako umbebe. Ukisikia kuna gwaride lenye bendi, wahi mapema uwaone wakipasha vyombo moto. Usigombanie kiti karibu na jukwaa la wageni. Simama pale bendi inapogeukia, maana hapo safu ya nyuma itakupita hatua chache tu. Simu weka mfukoni. Miguu ikianza kwenda yenyewe, usiizuie!