Saa na Daftari Chumbani mwa Leba

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, utafiti wa uzazi ulianza na mtu aliyesimama kando ya kitanda akiwa na saa ya kuhesabu sekunde. Mkunga anazalisha, mama anasukuma, na mwenye saa anangoja. Mwili mzima wa mtoto ukishatoka, saa inaanza. Amelia sekunde ya ngapi? Kama hapumui, amekaushwa na kusuguliwa mgongo saa ngapi? Barakoa ya ambu, mfuko wa kumpulizia hewa, imefika usoni baada ya muda gani? Kitovu kimefungwa kabla hajavuta pumzi au baada? Majibu yanaandikwa papo hapo. Wasaidizi wa utafiti walifundishwa kazi hiyo, wakapangiwa zamu za mchana na usiku, nao wakafuatilia uzazi mmoja baada ya mwingine hadi wakafika maelfu.

Naistahi sana kazi hii kwa sababu inadai adabu ngumu: kukubali kwamba jicho na kumbukumbu, hata za mkunga hodari, hazitoshi. Mtu anayehangaika kumwamsha mtoto asiyepumua hawezi kujua muda umekwendaje. Ukimuuliza baadaye atakwambia alianza kumpa hewa mara moja, na kwake huo ni ukweli mtupu. Saa peke yake ndiyo inayojua kama zilipita sekunde arobaini au dakika tatu.

Tofauti hiyo si ndogo. Matokeo ya Haydom yaliyochapishwa mwaka 2012, kutokana na watoto zaidi ya 5,800, yalionyesha kwamba kwa mtoto aliyehitaji kupewa hewa kwa ambu, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ziliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kifo, mpaka kufikia dakika sita. Wakunga walijua tangu hapo kwamba kuchelewa kunaua. Sasa walikuwa na kipimo cha kumwonyesha yeyote anayeona hakuna ubaya ambu ikifungiwa kabatini.

Mwaka uliofuata yalitoka matokeo ya hospitali nane za Tanzania ambazo wahudumu wake walikuwa wamefundishwa kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Pamoja na hivyo, idadi ya watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, wale ambao ngozi yao ilikuwa bado nzima, ilishuka kwa asilimia 24. Hapo msomaji makini anasita. Ambu haimfufui aliyekufa. Upungufu huo ni ishara nzito kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa hai: walegevu, kimya, moyo ukipiga kwa mbali, bila mtu aliyewapa hewa ili ajue. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na maisha pia hupotea hivyo.

Kinachonivutia zaidi Haydom ni walivyojipima wenyewe. Mwaka 2010 wakunga walipewa mafunzo ya siku moja. Walipojaribiwa kwa mwanasesere, ilionekana wazi kwamba ustadi umepanda. Lakini daftari la leba lilisema jingine: kwa watoto halisi, mambo yalikuwa hayajabadilika. Watafiti wangeweza kuchapisha habari ya mwanasesere na kunyamaza. Wao walichapisha yote mawili, kisha wakabadili njia. Mazoezi yakaletwa ndani ya leba yenyewe, kila wiki, dakika tatu hadi tano tu, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Estomih Mduma na wenzake walipolinganisha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya mabadiliko hayo, vifo vya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Damu ya mama nayo ilihitaji mpimaji wa namna hiyo. Baada ya kujifungua, damu huchanganyika na maji ya uzazi, huingia kwenye shuka, hutiririka chini ya kitanda. Macho hukisia, na mara nyingi hukisia pungufu. Kule Kigoma, Godfrey Mbaruku na wenzake waliwaendea wakunga wa jadi na wakakitumia kipimo ambacho tayari kilikuwa ndani ya kila nyumba: kanga. Kanga zina ukubwa unaojulikana, na mbili zikilowa chapachapa, mama amevuka nusu lita, yaani amefika mahali pa hatari. Mkunga asiyejua kusoma mililita aliweza kujua wakati wa kutoa dawa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2005, na kwangu mimi ni ya ufundi wa hali ya juu, maana iliheshimu kilichokuwapo.

Mwaka 2023 yalifuata matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha akina mama zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali za upande mmoja zilipewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, unaotandikwa chini ya mama kukinga damu. Damu ikifika mstari wa hatari, matibabu yote yanaanza kwa mkupuo: kukanda mji wa mimba, dawa za kuubana, asidi ya traneksamiki, dripu, na kumchunguza mama ili kujua damu inatoka wapi. Upande wa pili nao ulitumia mfuko, ila usio na mistari, na damu ikapimwa baadaye kwenye mizani. Mizani hiyo ikafichua kwamba kwa kukisia, wahudumu walitambua takribani nusu tu ya akina mama waliotokwa damu kupita kiasi. Wenye mistari walitambua asilimia 93. Wanawake waliofikia madhara makubwa ya kutokwa damu walikuwa asilimia 1.6 upande wa mistari, na asilimia 4.3 upande wa pili.

Namba hizi zote zina thamani kwa sababu kuna mtu aliyeandika alichokiona, hata pale kilipomuumbua yeye au rafiki yake wa zamu. Ndiyo maana muuguzi au mkunga anayejaza rejista usiku wa manane bila kupunguza dakika wala mililita namhesabu kuwa mtafiti, hata kama jina lake halitatokea kwenye jarida lolote. Anachohitaji kinajulikana: saa ukutani inayofanya kazi, mizani, mwenzake wa pili zamuni ili apate wasaa wa kuandika, na mkuu asiyemwadhibu kwa kusema kweli. Hospitali ikimnyima hayo, inarudi kukisia, na gharama ya kukisia tumekwisha kuiona.