Nasaba na Chama katika "Vuta N'kuvute"

Riwaya hii ya Adam Shafi (1999) yamwonyesha Yasmin, binti wa Kihindi, akimwacha mumewe Raza, akakataliwa na jamaa zake, akapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma. Siasa yamjia kwa njia ya Denge, baada ya nasaba kukatika. Hayo ni kweli, lakini ni nusu tu. Unguja na Pemba nasaba haikukatika kwa wepesi huo. Mwaka 1959 baadhi ya Washirazi, hasa wa Pemba, waliiacha Afro-Shirazi wakamfuata Muhammad Shamte, ingawa dini ilikuwa moja. Na viti vyao vitatu vya Januari 1961 navyo vikagawanyika, viwili kwa Hizbu, kimoja kwa Afro-Shirazi. Mtu wa namna hiyo, avutwaye na ami huku na mjomba kule, sikumwona katikati ya kitabu. Naye ndiye hasa ambaye jina lake lingelimfaa.