"Ukisusa, Wenzio Wala": Uhakiki wa Methali Moja

Methali hii husikika zaidi ndani ya nyumba kuliko barazani. Mtoto aliyekemewa akakataa kula huambiwa, "Ukisusa, wenzio wala," kisha sinia huendelea kuzungukwa na mikono ya wenziwe. Maana yake ya juu ni nyepesi: hasira haipunguzi chakula, humpunguzia mwenye hasira fungu lake. Lakini methali ilikwisha toka jikoni zamani ikaingia sokoni na katika siasa, na huko imekuwa jawabu la watu wengi kwa kila ashauriye kwamba duka fulani lisiendewe au bidhaa fulani iachwe. Jawabu litumikalo mara nyingi namna hiyo lastahili kupimwa kama upimwavyo ubeti: kwa maneno yake kwanza, kisha kwa mambo yaliyopata kutokea.

Kitenzi susa si sawa na kataa, wala si sawa na goma. Akataaye huenda hana haja na kitu; agomaye hudai; asusaye hukitaka kile akiachacho, na aghalabu ni haki yake. Hapana mtu awezaye kususa chakula cha jirani asiyemwalika. Kitenzi hicho kikinyambuliwa na kuwa susia, lugha hufanya jambo la ajabu kidogo. Kumsusia mtu kitu ni kumwachia kwa ghadhabu: ndugu aliyechoshwa na ugomvi wa urithi huwasusia ndugu zake shamba, nao hulipalilia na kuvuna. Papo hapo, katika Kiswahili cha siasa, kususia duka ni kumnyima mwenye duka fedha. Neno moja, basi, lina mkono unaotoa na mkono unaonyima. Methali imeuona mkono wa kwanza tu.

Waingereza walilipata neno lao kwa njia nyingine, na tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1880, katika wilaya ya Mayo nchini Ayalandi, Kapteni Charles Boycott alikuwa wakili wa mwenye ardhi mkubwa, Lord Erne. Wapangaji walitaka kodi ipunguzwe. Alipokataa na kutaka kuwafukuza, watu wote walimwepuka. Watumishi walitoka nyumbani kwake, wachuuzi hawakumwuzia kitu, na mazao yalibaki shambani. Wafanya kazi 50 waliletwa kutoka kaskazini kuvuna, nao walilindwa na askari wengi hata gharama ya ulinzi ikazidi mara nyingi thamani ya mavuno. Kabla ya mwaka kwisha Boycott alikuwa ameihama nchi, na jina lake limekuwa kitenzi. Kwa Kiswahili jambo hilo si kususia. Ni kutenga. Kilichoachwa hakikuwa kitu, alikuwa mtu. Wafasiri walioweka kususia mahali pa neno la Kiingereza walitenda vema kwa bidhaa, lakini waliifunika nusu ya maana, na nusu hiyo ndiyo yenye sumu.

Kisa cha karafuu za Unguja na Pemba chaionyesha methali ikiwa katika mizani. Katika miaka ya 1930 bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, na wenye mashamba wengi, Waarabu na Waafrika, walikuwa na madeni kwa wafanya biashara na wakopeshaji wa Kihindi. Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria mwaka 1934, na nyingine mwaka 1937 iliyokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu amri ya pekee ya kununua na kusafirisha. Wafanya biashara wa Kihindi, walioona riziki yao imefungiwa mlango, walikataa kuigusa karafuu. Na Kongresi ya Taifa ya India ikawataka watu wa Bara Hindi, waliokuwa wanunuzi wakubwa, waiache vile vile. Mwezi Mei 1938 serikali ilirudi nyuma: wafanya biashara walirudishiwa usafirishaji, kwa sharti la kununua sehemu ya shehena zao kwa Chama.

Hapa kuna watu waliosusa na ambao wenzao hawakula. Sababu yake iko wazi. Methali yadhani kwamba daima kuna wenzio wengine, wenye njaa, wameketi kulizunguka sinia lile lile. Wanunuzi wakubwa walipoinuka pamoja, sinia lilibaki limejaa, na chakula kisicholiwa ni hasara ya mpishi. Kwa hiyo methali haikukosea kuhusu mmoja; ilinyamaza kuhusu wengi. Lakini mhakiki asiishie hapo kwa furaha. Karafuu iliyolala ghalani haikuwa ya serikali peke yake. Nyuma yake alikuwapo mwenye shamba mwenye deni, na nyuma yake tena mchumaji aliyelipwa kwa kipimo cha alichochuma. Hao hawakususa, wala hawakususiwa kwa kosa lao, walikuwa kati. Kwa watu wa kati lugha ina methali nyingine, ile ya tembo na nyasi, nayo haikuhitaji kubadilishwa hata herufi moja.

Wauza maduka nao wana yao: "Biashara haigombi." Kauli hii hunukuliwa kama hekima ya watu wote, hali kwa hakika ni hekima ya muuzaji. Yeye ndiye apaswaye kumeza tusi ili asipoteze mteja. Mnunuzi hakufungwa na sharti hilo. Vivyo hivyo "Ukisusa, wenzio wala" mara nyingi hutoka kinywani mwa mwenye kushika upawa. Wakusanyaji wa methali wana desturi ya kuzipanga kwa herufi bila ya kutaja nani humwambia nani, na kwa desturi hiyo maoni ya tajiri na maoni ya mnyonge hukaa ukurasa mmoja kama mapacha. Hasara yake ni kubwa kwa mwanafunzi, maana hujifunza kwamba Waswahili husema hivi, asijue ni Mswahili yupi.

Wasafiri wa Alexandra, karibu na Johannesburg, walilijibu dai la mwenye upawa kwa miguu yao. Mwezi Januari 1957 nauli ya basi ilipandishwa kutoka peni 4 hadi peni 5. Maelfu waliacha mabasi, wakaenda kazini kiasi cha maili 9 na kurudi maili 9, kwa muda wa miezi mitatu hivi, mpaka nauli ya peni 4 ikarudi. Hapo asusaye alilipa gharama mwenyewe, tena kwa kitu alichokihitaji kila siku, na hakumwachia mwingine njaa yake.

Unguja mambo yalikwenda kinyume baada ya uchaguzi wa Julai 1957, katika miaka ambayo wenyeji waliiita Zama za Siasa. Wenye mashamba waliwafukuza maskwota kwa kuwa walipiga kura upande mwingine. Upande huo nao uliyaacha maduka ya Waarabu, ukaanzisha ya kwake. Mwanzo wake ulikuwa kususia, na mtu aweza kuutetea: aliyefukuzwa shambani kwa kura yake hakuwa na silaha nyingine ila senti yake. Lakini haukukaa dukani. Majirani waliacha kuhudhuria harusi, kisha mazishi, za watu wa chama kingine. Duka lililofungwa laweza kufunguliwa siku mapatano yanapofanywa, kama karafuu ilivyorudi baharini mwaka 1938. Mwishoni mwa 1958, kwa usuluhishi wa PAFMECA, viongozi wa vyama vikubwa viwili walikubaliana kutuliza uhasama, na wateja wakaweza kurudi madukani. Maiti aliyezikwa bila ya jirani yake hakuwa na siku ya pili ya kuzikwa.