Dua za Warsan Shire

Bless the Daughter Raised by a Voice in Her Head, diwani ya Warsan Shire ya mwaka 2022, nimeimaliza na bado iko kando ya kitanda. Shire alizaliwa Nairobi kwa wazazi Wasomali, akakulia London. Vichwa kadhaa vya mashairi yake ni dua: nyumba inabarikiwa, mwezi, hata binti asiye na sura nzuri. Ndani yake unakuta vita, ukeketaji, akina mama wanaolea huku wameumia.

Nilidhani dua hizo ni sukari ya kumezea dawa chungu, na kuna kurasa ambapo bado nadhani hivyo. Lakini Victoria Climbié, mtoto aliyeuawa London mwaka 2000, Shire anamweka Illiyin. Tuliopita madrasa tunajua mahali hapo ni pa juu kiasi gani. Hapo hambembelezi msomaji. Anambariki mtoto ambaye watu wazima walishindwa kumlinda.

Halafu kuna “Home”. Nimelisambaza mwenyewe kwenye simu, vipande vipande, kila mashua ya wakimbizi ilipozama, hadi likawa kama bango. Humu kitabuni, katikati ya akina mama na mabinti zao, nimelisoma polepole. Safari hii sikumtumia mtu.