Unyevu, Fosforasi na Neno "Kupima" katika Maabara ya Mbolea

Rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa kuchunguza mbolea, iliyoletwa kwetu ili istilahi zake zikaguliwe, imeandikwa kwa Kiswahili chepesi. Hilo twalisifu kwanza, kwani miongozo ya namna hii aghalabu humlazimu msomaji arudi kwenye Kiingereza ili apate kukielewa Kiswahili. Hata hivyo, wepesi huo umeficha tofauti ambazo mchunguzi hawezi kufanya kazi bila ya kuzijua.

Tuanze na kupima. Kwetu daktari hupima mgonjwa, fundi hupima nguo, na mwenye duka hupima sukari. Mfasiri anapoandika "pima unyevu", na mstari unaofuata "pima sampuli", msomaji hajui ni wapi anaambiwa aweke kitu juu ya mizani na ni wapi anaambiwa atafute kiasi. Twapendekeza "pima uzito" kwa tendo la mizani, na "bainisha kiasi" kwa uchunguzi mzima. (Wanafizikia watadai "tungamo" badala ya "uzito". Hatubishani nao, ila tungeomba neno moja lishikwe tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.)

Neno "unyevu" lina tatizo zito zaidi. Sampuli ya gramu 5 ikikaushwa katika tanuri, kisha ikaonekana imepungua gramu 0.2, mizani imesema kwamba asilimia 4 imeondoka. Haikusema kilichoondoka ni maji. Mbolea ya DAP ikipashwa moto mkali hutoa amonia pia, nayo amonia ni naitrojeni ambayo mkulima ameinunua. Kuiita hasara yote hiyo "unyevu" ni kuandika jambo ambalo halikupimwa. Tokeo la tanuri na liitwe "kipunguo cha ukaushaji", na "unyevu" libaki kwa maji peke yake, pale njia iliyotumika inapoyatenga na vinginevyo.

Lakini kosa linaloweza kufika shambani limo katika "fosforasi". Katika njia ya mizani, fosfati iliyoyeyushwa hugeuzwa kuwa mashapo ya manjano kwa molibdati na kwinolini, yakachujwa, yakakaushwa na kupimwa uzito. Uzito huo ukizidishwa kwa 0.03207 hupatikana kiasi cha P2O5. Ukizidishwa kwa 0.0140 hupatikana fosforasi yenyewe. Mashapo ni yaleyale, majibu ni mawili. Rasimu imeyaita yote mawili "fosforasi".

Tarakimu 18-46-0 zilizo juu ya mfuko wa DAP hufuata hesabu ya kwanza. Ndani ya mfuko hamna oksaidi hiyo. Ni desturi tu ya wanakemia, iliyobaki tangu zama walipozoea kuchoma vitu na kupima oksaidi zilizosalia. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 kwa hesabu ya P2O5, lakini fosforasi halisi ni kama kilo 10. Bwana shamba akiagizwa kilo 20 za fosforasi kwa hekta, inampasa ahimize mifuko miwili. Akisoma kwamba mbolea ina "fosforasi asilimia 46", ataona kilo 44 zatosha, yaani hata mfuko mmoja haukwisha, na mahindi yatapata chini ya nusu ya haki yao. Hatuoni njia ya mkato hapa: iandikwe "fosforasi kwa hesabu ya P2O5" kila mara, hata kama jedwali litajaa. Potasiamu na K2O vifuatishwe vivyo hivyo.

Kuhusu "virutubisho", ambavyo rasimu imevichanganya na "virutubishi", twashauri "virutubishi" kwa elementi zilizomo katika mbolea, na "virutubisho" viachiwe watu wa lishe kwa vile vinavyoongezwa katika chakula. Rasimu imerudishwa kwa mfasiri ikiwa na alama hizi pembeni.