Nyumba ya Daktari wa Wollstein

Mwaka 1926 mtu wa Marekani jina lake Paul de Kruif, ambaye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa vijidudu, alitoa kitabu kiitwacho Microbe Hunters, yaani Wawindaji wa Vijidudu. Kimefasiriwa katika lugha nyingi, na vijana wengi walivutwa nacho kuingia kazi ya udaktari. Sisi walimu twakipenda, nacho chafaa sana kusomwa kwa sauti darasani, kwa maana mwandishi husimulia kama mtu aliyesimama mlangoni akichungulia ndani. Na kwa kuwa twakipenda, yatupasa kusema mahali kilipopungukiwa. Upungufu tuuonao umo katika sura ya Robert Koch, wala si upungufu wa elimu ya vijidudu. Ni wa khabari za nyumba yake.

Koch alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, Ujerumani, katika nyumba yenye watoto wengi. Alisoma udaktari Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz, na mwaka 1868 akazaliwa binti yao wa pekee, Gertrud. Wakahama mji hata mji wakitafuta riziki, mpaka mwaka 1872 Koch akawekwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko katika nchi ya Polandi, nao huitwa Wolsztyn.

De Kruif asimulia ya kwamba kijana Koch alitamani kuzunguka ulimwengu, naye Emmy akakubali kuolewa kwa sharti kwamba aziache ndoto hizo, atulie, awatibu watu. Asimulia tena kwamba Koch alipotimiza miaka 28 mkewe alimpa hadubini, kile chombo cha kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho matupu, apate kujichangamsha. Basi katika masimulizi hayo mke ana kazi mbili tu. Kwanza ni kamba mguuni mwa mume, kisha ni mkono utoao zawadi pasipo kujua utoacho. Baada ya hapo twamwona daktari shujaa akipigana peke yake.

Je, alikuwa peke yake? Hakuwa na maabara ya serikali wala msaidizi wa mshahara. Kazi ilifanywa nyumbani. Chumba alichopokea wagonjwa kiligawanywa kwa pazia: upande mmoja wagonjwa, upande wa pili hadubini, chupa na panya. Alitwaa damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akamchanja panya kwa kibanzi cha mti alichokipitisha kwanza motoni. Akavikuza vijidudu katika tone la maji yatokayo ndani ya jicho la ng'ombe, akaona vijiti vyembamba vikirefuka kama nyuzi, kisha ndani yake zikatokea mbegu ngumu. Mbegu hizo ndizo zikaazo ardhini miaka mingi, na kwa hiyo malisho yaliyoua mwaka huu huweza kuua tena miaka ijayo. Mfugaji yeyote wa kwetu aliyefukia mzoga wa kimeta hahitaji kuambiwa thamani ya kulijua jambo hilo. Mwisho wa Aprili 1876 Koch alikwenda Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn aliyoyaona, na mwaka huo huo yakapigwa chapa.

Tulipoisoma sura hiyo darasani, msichana mmoja aliuliza ni nani aliyefua nguo za daktari zilizoingia damu ya wanyama. Wavulana walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu kitabuni hamna jibu, na swali ni la haki. Nyumba ile ilikuwa na mtoto mdogo, na ugonjwa uliokuwa nyuma ya pazia huua watu pia. Mke aliyekubali kukaa humo miaka hiyo yote hakuwa kamba mguuni. Inasimuliwa pia kwamba Koch alipovipiga picha vijidudu kwa nuru ya jua, Emmy ndiye aliyeyaangalia mawingu, akimwambia lini jua litafichwa. Picha hizo zilitolewa mwaka 1877, nazo ni miongoni mwa za kwanza za namna yake duniani.

Mwaka 1879 Koch aliihamishia jamaa yake Breslau. Mapato hayakutosha, wakarudi Wollstein baada ya miezi michache. Mwalimu aliyehamishwa mara mbili katika mwaka mmoja ajua ni nani afungaye mizigo na ni nani aifunguaye.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, na tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Sifa zikaja. Mwaka 1890 akatangaza dawa ya ugonjwa huo, tuberkulini, akificha jinsi ilivyotengenezwa. Haikuponya, na wengine waliotiwa walikufa. Mwaka 1893 akaachana na Emmy, akamwoa Hedwig Freiberg, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka karibu 30. Huyu naye alikuwa amekubali kuchomwa dawa ile mwilini mwake ili ijaribiwe. Hatuandiki haya ili kumwaibisha marehemu. Twasema tu kwamba wanawake wote wawili walilipa sehemu ya gharama ya elimu ile, na wasimulizi huandika mapato bila gharama.

Na gharama hiyo ilifika hata kwetu. Yule aliyetakiwa kuziacha ndoto za safari alisafiri sana hatimaye: Misri na India mwaka 1883, kisha Afrika zaidi ya mara moja. Mwaka 1906 na 1907 alikaa katika visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye sumu ya zarniki. Alipoona ugonjwa warudi, akaongeza kipimo. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, wasione tena. Tena akashauri wagonjwa watengwe katika kambi, mbali na jamaa zao.

Sura ya de Kruif hukaa katika ushindi: kimeta, kifua kikuu, kipindupindu. Twashauri walimu waisome kama ilivyo, kwa kuwa imeandikwa vizuri, kisha siku ya pili wasimulie habari za Emmy na za watu wa Sese, bila haraka, kwa muda ule ule waliompa panya wa Wollstein.