Nyangumi Mwenye Plasta

Wapo wahakiki wanaoshikilia kuwa kazi ya sanaa hujitosheleza, eti muktadha si kitu. Hebu tuwapeleke New York. Machi 2020 Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani yalifungwa kwa sababu ya korona; nyangumi wa futi 94 akaning'inia ukumbini miezi kadhaa bila hadhira. Fani ilikuwepo, maana ililala. Aprili 2021 ukumbi huohuo ukawa kituo cha chanjo, na sanamu ikabandikwa plasta kwenye pezi. Basi! Umbo ni lilelile, dhamira ni mpya: mtazamaji sasa ni mhusika, anakunja mkono wa shati chini ya mnyama “aliyekwisha kuchanjwa”. Plasta inautania woga bila kuhubiri. Muktadha si kitu? Mimi nakataa.